Nani Anafua Nguo Zake

Tarehe 6 Februari

Mke wangu,

Breki ameshapakia nguzo zake kwenye lori na anapiga honi getini kama mtu anayewahi mazishi, kwa hiyo nisikilize haraka haraka.

Nyumba haijambo. Paa la jikoni nimeliziba. Mdogo wako anapita kunisalimia kila anapokumbuka kwamba ana shemeji, na akija anachungulia masufuria kwanza ndipo anasema hodi.

Kazini ni yale yale. Magogo yanaingia meupe, tunayatumbukiza kwenye tangi la dawa, yanatoka ya kijani, tunayaanika, yanakwenda kushika nyaya za umeme za watu. Meneja anajisifu kwamba mchwa akiing'ata nguzo yetu anakufa yeye na ukoo wake. Ila joto la mwaka huu limezidi. Nakunywa maji kama ngamia, hadi wenzangu wa tangini wananiuliza kama nimeoa bomba.

Ile likizo ya Machi, mke wangu, sitaweza kuja. Kazi imebana. Usinune. Wewe ukinuna hata huko mbali mimi huku nasikia baridi.

Mumeo

*

Tarehe 19 Februari

Mume wangu,

Uliniuliza safari iliyopita kwa nini nang'ang'ania barua na simu zipo. Simu ya bwenini inasikilizwa na kitanda cha juu na kitanda cha chini. Halafu kwenye simu unajua kucheka tu. Kwenye karatasi utasema.

Mimi bado nashona kola. Kutwa kola. Mwenzangu wa kushoto anashona mikono, wa kulia anatoboa vifungo, shati zima hatulioni mpaka linapokunjwa. Siku hizi nikikutana na mtu njiani namtazama shingo kabla ya uso.

Sasa nijibu. Breki alipoleta barua yako alikaa kidogo, nikampa maji, nikamuuliza habari zako. Akasema, "Mumeo kawa kijana, shemeji. Kakonda, kapendeza, kanunua na suruali mpya." Akacheka. Mimi sikucheka.

Kitanda cha chini yangu analala mama mmoja mtu mzima, tunamwita Shangazi. Alisikia yote. Breki alipoondoka akaniambia, "Mwanamume hakondi bure. Ama anaumwa, ama ana mtu." Nikamjibu kwamba wangu haumwi, tangu nimjue hata mafua yanamwogopa. Akanitazama, akarudi kusuka nywele zake. Kule kunitazama kwake ndiko kulikoninyima raha.

Huji likizo. Umekonda. Una suruali mpya. Nieleze.

Mkeo

*

Tarehe 2 Machi

Mke wangu,

Huyo dereva jina tumempa Breki, mdomo wake ndio hauna breki.

Suruali za zamani zimeliwa na dawa ya tangi, wewe mwenyewe ulikuwa unazitia viraka. Kukonda ni joto, na kuukosa mkono wako jikoni. Basi. Hakuna hadithi nyingine.

Nami nikuulize. Barua inakabidhiwa mlangoni kwa dakika moja. Huyu Breki mbona nasikia hukaa, hunywa maji, hucheka? Hana kwao?

Mumeo

*

Tarehe 11 Machi

Dada,

Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Ukijua kwa watu wengine halafu ukasikia nami nilijua, hutanisamehe.

Ile nyumba ya nyuma ya soko iliyokuwa duka la mapazia amehamia mwanamke. Mgeni. Kakata nywele fupi, anavaa miwani, hana mume wala mtoto tuliyemwona. Mapazia ya dukani hakuyatoa, yamefungwa mchana kutwa. Na Jumamosi asubuhi shemeji huenda pale.

Mara ya kwanza nilisema ni macho yangu. Jumamosi iliyofuata nikamsubiri njiani kama nauza mboga. Alikuwa ameoga, kachana nywele, kavaa ile suruali. Nikamwambia, "Shemeji, karibu chai kwanza, bado ya moto." Akasema, "Hapana, leo sinywi kitu." Dada, mtu gani anaikataa chai asubuhi? Akaingia mle ndani. Alipotoka alikuwa ameukunja mkono, anatabasamu peke yake, na yule mwanamke alimsindikiza mpaka barazani na kumwambia, "Usinisahau wiki ijayo."

Nimeyasikia kwa masikio yangu haya.

Tena nyumbani sukari haipo. Niliomba kijiko kimoja, akaniambia aliigawa yote kwa jirani. Mumeo huyu aliyekuwa akinywa chai nzito kama asali. Huyo mwanamke kambadilisha hata ulimi.

Sikuambii ili uumie. Nakuambia kwa kuwa nakupenda.

Mdogo wako

*

Tarehe 18 Machi

Kwako uliyehamia kwenye nyumba ya mapazia,

Hunijui, lakini bila shaka umeshalisikia jina langu likitajwa, au pengine halitajwi kabisa. Mimi ni mke wa yule mwanamume mrefu wa tangi la nguzo anayekuja kwako Jumamosi asubuhi kabla hajala.

Sikuandikii kukutukana. Matusi ninayo, ila karatasi ni ndogo. Nataka kukuuliza jambo moja, mwanamke kwa mwanamke: anakuja kufanya nini? Kama ni kile ninachokifikiria, kiseme, nijue nimesimama wapi. Mimi niko huku nashona kola za mashati ya waume wa watu, na roho yangu nimeiacha huko, ndani ya nyumba ambayo paa lake la jikoni limezibwa juzi. Hiyo nyumba ina mwenyewe.

Nangoja jibu. Mpe dereva wa lori la nguzo, atanifikishia.

Mke wa mtu

*

Tarehe 25 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimeona uchungu wako na nakupa pole.

Watu wanaoingia chumbani kwangu nimewaahidi kwamba mambo yao hayatatoka kinywani mwangu. Nikikuambia jambo la mumeo leo, kesho nitamwambia mtu mwingine jambo lako. Kwa hiyo siwezi kukujibu ulichouliza. Muulize yeye. Mimi mwenyewe nimemsihi akueleze, na nitamsihi tena. Naomba uniamini kwamba sijachukua kilicho chako.

Niruhusu nami nikuulize. Kabla hujasafiri, nguo zake za kazini nani alikuwa anafua? Ulikuwa unazifua wewe, kwa mikono, ndani ya nyumba? Na sasa anazifua nani? Tafadhali usilipuuze swali hili.

Daktari mtafiti

*

Tarehe 30 Machi

Mume wangu, kama bado ni wangu,

Nimemwandikia hawara yako. Ndiyo. Na amenijibu kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Anasema mambo yenu mmeahidiana kutunziana siri. Anasema amekusihi uniambie. Amekusihi. Yaani mmekaa mkanijadili, mimi nikiwa mzigo wa kutafutiwa pa kuutua.

Na ameniuliza nani anafua nguo zako.

Nimelisoma swali hilo nikashindwa hata kulia. Shangazi ameisoma ile barua akaiweka chini, akasema, "Huyu keshafika kwenye beseni, mwanangu. Mwanamke akianza kuuliza habari za kufua, anataka kuhamia." Ghorofa nzima ya bweni imejua. Leo nimeshona kola ishirini upande wa ndani nje, msimamizi akanitoa kwenye mashine mbele ya watu.

Nimezifua nguo zako miaka yote tangu unioe. Nimezifua mpaka maji ya beseni yakawa ya kijani na ngozi ya viganja vyangu ikawa ngumu kama soli. Sikukuuliza lolote. Leo kuna mtu ana miwani na ni daktari wa sijui nini, anauliza zamu yangu inaisha lini.

Sitaki maelezo ya joto wala ya suruali. Andika ukweli, au usiandike tena, na Breki nitamwambia asiniletee.

Mimi

*

Tarehe 6 Aprili

Mke wangu,

Soma mpaka mwisho ndipo uchane.

Sina mwanamke. Nina kisukari.

Nimekaa nikilitazama hilo neno. Hii ni mara ya kwanza kuliandika.

Kilianza mwaka jana, mwezi ule ulipoondoka. Kiu isiyoshiba. Kwenda msalani kila saa. Nyama zikawa zinaniondoka, suruali zikaanza kunivuka mbele za watu, ndiyo maana nikanunua nyingine. Kisha macho. Kila nguzo ina muhuri wa nambari, na siku moja nikashindwa kuusoma. Nikamwambia mwenzangu Kobe, unamkumbuka, yule mzito wa kutembea, anisomee. Akadhani namtania.

Ndipo akaja huyu daktari. Meneja alimkatalia kuingia, akasimama nje ya geti akawa anatuita mmoja mmoja tukitoka. Anafanya utafiti juu ya dawa ya tangi. Ndani yake mna sumu inaitwa arseniki, ndiyo inayowaua mchwa. Anapima mkojo aone imetuingia kiasi gani, na anapima sukari kwenye damu. Damu hupimwa asubuhi mtu hajala wala hajanywa chai. Chai ya mdogo wako niliikataa kwa sababu hiyo. Mkono niliukunja kwa sababu ya sindano. Nilikuwa natabasamu kwa sababu sukari ilikuwa imeshuka. Tunakwenda wengi, kila mtu ana siku yake, ila mdogo wako macho yake yanamwona shemeji yake tu.

Nilimuuliza kama kisukari changu kimeletwa na tangi. Nilitaka aseme ndiyo ili nipate wa kumlaumu. Hakusema. Alisema sisi wa tangini tunaonekana kuugua zaidi kuliko wa ofisini, na kwamba zipo tafiti za kwingine zinazoonyesha njia hiyo hiyo, lakini kwa mtu mmoja mmoja hawezi kuapa. "Naona nyayo," alisema, "mnyama mwenyewe sijamwona."

Sasa kwa nini nilikuficha. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usije ukaacha kazi. Huo ni ukweli nusu. Nusu ya pili ni mbaya zaidi. Kila lori linapoondoka hapa namwona Breki kwenye usukani, mabega hayo, kicheko hicho, anakwenda kukuona na mimi nabaki napima mkojo. Anarudi ananiambia, "Mkeo anakusalimia, leo alicheka kweli." Nikawaza, mke yuko mjini, mzima, anacheka. Akiambiwa mumewe ana ugonjwa usiopona, na mlangoni kasimama huyu, moyo utaelekea wapi? Nikaona bora unidhanie mzima ninayekosea kuliko mgonjwa unayemhurumia.

Nguo sasa nazifua mwenyewe, nje, na mikono nimevaa mifuko ya plastiki. Hilo swali halikuwa la kukuhamisha. Ni swali la kukuhofia. Nenda ukapime.

Mumeo

*

Tarehe 14 Aprili

Mume wangu,

Nimeisoma chooni, mahali pekee penye mlango.

Kwanza nilishukuru Mungu. Hilo lilidumu kidogo. Kisha hasira ikanishika kuliko ile ya kwanza. Laiti ungekuwa na hawara ningejua pa kupiga. Kisukari nitakipiga wapi?

Na wivu haujaondoka, usijidanganye. Umebadilisha kiti tu. Mwanamke yule amekaa nawe asubuhi ukiwa na njaa. Amejua unaogopa. Amejua damu yako kabla yangu. Mimi niliyelala ubavuni mwako ndiye wa mwisho kuambiwa, baada ya Kobe, na geti zima. Hata kama hakukugusa zaidi ya sindano, mmenipita.

Halafu Breki. Unajua Breki akija hapa tunacheka nini? Tunakucheka wewe. Ananihadithia vituko vyako vya tangini, mimi namwambia rudia, rudia, mpaka anachoka. Nilikuwa nampa maji ili akuseme zaidi. Mabega yake sijawahi kuyatazama. Sasa itabidi niyatazame, nione ulichokuwa unakiogopa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, bwana. Na wahenga hao hao walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikadhani wanasema juu ya watu. Beseni lile la kijani nimelikumbuka siku nzima. Watoto wa jirani walikuwa wanachezea maji yake nikiyamwaga.

Nimepima hapa zahanati ya kiwanda. Muuguzi amesema sukari imepanda, haijafika pabaya, nirudi tena. Ya sumu hawana kipimo. Nitakuja kupimwa na daktari wako. Nimeomba ruhusa.

Kabla sijaja, toka kwenye hilo tangi. Siombi.

Mkeo

*

Tarehe 27 Aprili

Mke wangu,

Nimetoka.

Haikuwa rahisi. Tulikwenda kwa meneja wanaume kadhaa wa tangini. Alitukaribisha viti, akatusikiliza amekunja mikono, kisha akasema, "Sukari ni ya vyakula. Punguzeni mnavyokula." Nikasimama nikamwambia, "Nitazame, bosi. Nimekula wapi?" Hakuna aliyecheka, naye akaangalia dirishani.

Akasema daktari mwenyewe hajathibitisha. Nikamjibu kweli, hajathibitisha. Lakini mchwa naye hakusubiri kuthibitishiwa. Hapo wenzangu ndipo walipoguna, na yeye akasema atafikiri. Baada ya wiki wakaleta glovu ndefu na buti, na amri kwamba nguo za kazi zifuliwe huku huku, asiende nazo mtu nyumbani. Mashine ya kufulia imeahidiwa. Sijaiona.

Mimi nimehamishiwa kwenye kumenya magogo, yakiwa bado meupe. Cheo kimeshuka. Wale niliokuwa nawaamrisha sasa wananipigia kelele niharakishe. Imeniuma, sikufichi tena. Kobe amekataa kutoka. Kanichukulia nafasi yangu ya usimamizi, anapita na filimbi shingoni, nami namwonea wivu mtu aliyesimama juu ya sumu. Binadamu tumeumbwa vibaya.

Daktari anasema sukari yangu inashuka kwa vidonge na kutembea. Nakuambia wewe siku ile ile niliyoambiwa.

Njoo. Nitakuja kukupokea, na ukiteremka kwenye lori la Breki usicheke kabla hujaniona.

Mumeo

*

Tarehe 2 Juni

Daktari,

Kifurushi hiki ni chako. Nitakueleza kilichomo, ila nianze na siku ile, maana wewe uliniona mpole na mimi sikuwa mpole.

Nilikuja na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilikuwa nimeshona gauni jipya usiku na mchana, si kwa ajili ya mume wangu, kwa ajili yako, uone nani mwenye nyumba. Nikaingia. Nikakukuta umeinama unafunga kamba ya kiatu kilichokatika, pembeni una kipande cha mkate mkavu na kikombe cha maji, na lile koti lako jeupe limepasuka kwapani ukalibana kwa pini. Ukanyanyuka ukasema, "Karibu dada, nimekungoja kwa hamu." Maneno yangu yote yakakosa pa kukaa.

Hata hivyo nilikutazama. Nilikutazama ulipomshika mume wangu mkono kumfunga ule mpira wa kutolea damu. Yeye akaanza kukuhadithia habari za Kobe hata hujamuuliza, na wewe ukawa unajua Kobe ni nani, na utani wenu una mwanzo ambao mimi sikuwepo. Niliumia, sitakuficha. Ukaniuliza, "Unaogopa sindano?" Nikasema hapana. Haikuwa sindano.

Uliponichukua damu na kunipa kile kichupa cha mkojo, unakumbuka nilichokuomba? Majibu yakija usimpe yeye, na usinipe mimi. Tuite wote wawili, utusomee kwa pamoja. Ulinitazama juu ya miwani, ukasema hakuna aliyewahi kukuomba hivyo. Ndipo mume wangu akainamisha kichwa. Alikuwa ameelewa.

Na ulifanya hivyo hivyo. Ulisoma yangu kwanza: sumu ipo kidogo, pengine ni ya vitu nilivyovigusa siku hizo huko nyumbani, mchanga wa pale nilipokuwa namwaga maji ya beseni upimwe, sukari iko mpakani, nichunge. Kisha yake. Tukatoka barazani, tukakaa kwenye ngazi zako kama watoto waliofukuzwa darasani. Akaniambia, "Sasa tumelingana." Nikamwambia hatujalingana, yeye amenitangulia kwa siri, na nitamdai mpaka tuzeeke. Akasema sawa, tuzeeke basi.

Mkataba wangu huku unaisha mwezi wa nane. Sitaongeza. Nimemwambia mdogo wangu awaite wanawake wote wanaofua nguo za tangini, aje nao kwako, maana wewe ulianza na geti la wanaume na sumu ilishavuka geti kitambo. Ana mdomo, atawaleta. Nasikia hata Kobe alikuja kwako mwenyewe, kapitia mlango wa nyuma, asionekane. Usinithibitishie. Najua huwezi.

Kuhusu kifurushi. Ni koti. Kitambaa nimekipata kwenye mabaki ya kiwanda, cheupe, kizito. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku nimemshonea mtu mwingine nguo nzima peke yangu, kola, mikono, vifungo na yote. Shangazi alikaa kando anatoa makosa.

Sijasema nakupenda, daktari. Bado ukitajwa mezani kijiko changu husimama. Utakapolivaa utaona nimelikata pana sana, kifuani, kiunoni na nyuma, linaweza kuingiza watu wawili, umbo lisionekane. Halijakosewa. Usilipunguze.

Mke wake